Nyuzi mbili juu ya Bismarck

Neno "kiangazi" humpoteza msomaji wa Kiswahili mara tu anaposogelea utabiri wa North Dakota. Kwetu kiangazi ni vumbi, nyasi kavu na visima vinavyoshuka. Kwenye nyanda za kaskazini za Marekani, yaani North Dakota na South Dakota, mashariki ya Montana na magharibi ya Minnesota, miezi ya joto ndiyo miezi ya mvua. Bismarck, makao makuu ya North Dakota, hupata mvua nyingi kuliko mwezi wowote mwingine ifikapo Juni, na sehemu kubwa ya mvua hiyo huja na radi. Jua linalomchoma mkulima saa tisa alasiri na mawe ya barafu yanayomvunjia alizeti saa mbili usiku, mwanga wa jua ukiwa bado haujaondoka, ni kazi ya hewa ileile.

Programu za simu huigawa siku hiyo vipande viwili: alama ya jua yenye 35, na pembeni yake wingu lenye 20%. Anayesoma hivyo huona joto la hakika na mvua ya bahati nasibu, kana kwamba moja halimhusu mwenzake. Ukweli ni kwamba namba inayoamua yote mawili haimo kwenye simu kabisa. Ni halijoto ya hewa iliyoko kilomita tatu hivi juu ya usawa wa bahari, na ukikosea nyuzi mbili tu hapo, utabiri wote wa siku unageuka.

Tuanze na eneo lenyewe. Hakuna bahari ya karibu ya kuipoza ardhi, na hakuna safu ya milima inayokingama kati ya Aktiki ya Kanada na Ghuba ya Mexico. Hewa ya pande zote mbili hupita inavyotaka. Tarehe 15 Februari 1936 mji wa Parshall ulishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri. Tarehe 6 Julai mwaka huohuo mji wa Steele ulifika nyuzi 49. Yote miwili iko North Dakota, na rekodi hizo za jimbo hazijavunjwa hadi leo.

Katika majira ya joto hukutana hewa za aina mbili, na hazikutani kwa kugongana ubavu kama vitabu vya shule vinavyochora. Moja hupanda juu ya mgongo wa nyingine. Ya chini ni hewa nzito yenye unyevu, inayoletwa na upepo wa kusini na kusini-mashariki kutoka Ghuba. Ya juu imetoka magharibi: imekaa kwenye nyanda za juu za Wyoming na kusini yake, juu ya ardhi yenye kimo cha mita 1,500 hadi 2,000 iliyochomwa na jua siku nzima, kisha upepo ukaisukuma mashariki. Ardhi inateremka kuelekea bonde la mto Missouri, lakini hewa ile haiteremki nayo. Inabaki ikielea, kavu na ya moto, juu ya hewa yenye unyevu. Watabiri huiita kifuniko, na jina limekaa sawasawa.

Bila kifuniko, hewa ya chini ingeanza kupaa saa tano asubuhi. Vingetokea vijiwingu vingi, kila kimoja kinyang'anye jirani yake unyevu, na mchana uishie kwa manyunyu ya hapa na pale. Kifuniko kinazuia hilo. Kinaliacha jua lipashe na unyevu urundikane hadi saa kumi na mbili jioni. Kikiachia hapo, kinaachia mahali pachache, na mawingu machache yanayoota hapo hula chakula chote. Ndiyo maana siku yenye uwezekano mdogo wa mvua inaweza kuwa siku yenye mawe makubwa kuliko zote za mwaka.

Tufanye hesabu ambayo mtabiri huifanya kichwani, kwa siku ya mfano ya Julai. Bismarck iko mita 500 hivi juu ya bahari. Tuseme alasiri hewa itafika nyuzi 35, na joto lake la umande ni 20. Joto la umande ni kiwango ambacho hewa ikipozwa mpaka hapo huanza kutoa maji, na ni kipimo cha unyevu kinachoaminika kuliko ile asilimia ya kwenye simu, ambayo hupanda na kushuka mchana kutwa hata kama maji yaliyomo hewani ni yaleyale.

Hewa inayopaa ambayo bado haijafanya wingu hupoa nyuzi 9.8 kwa kila kilomita. Kwa makadirio ya haraka, toa joto la umande kwenye halijoto, zidisha kwa 125, utapata kimo cha kitako cha wingu kwa mita. Hapa ni 15 mara 125, sawa na mita 1,875 juu ya ardhi, au kama mita 2,400 juu ya bahari. Bonge letu la hewa likifika hapo lina nyuzi 17 kasoro kidogo. Kuanzia kitako cha wingu mvuke unageuka maji na kutoa joto, kwa hiyo kupoa kunapungua hadi nyuzi 4.5 hivi kwa kilomita. Likifika ngazi ya milibaa 700 (milibaa ni kipimo cha shinikizo la hewa), ambayo siku kama hiyo huwa karibu mita 3,150 juu ya bahari, bonge lina nyuzi 13.

Sasa linganisha na hewa iliyokwishakaa kule. Kama ina nyuzi 12, bonge letu ni la moto zaidi na jepesi zaidi. Litaendelea kupaa lenyewe bila kusukumwa, na baada ya nusu saa pana mnara wa wingu wenye kimo cha kilomita 15. Kama ina nyuzi 14, bonge ni zito, linasita na kurudi chini. Jioni inapita na vijiwingu bapa, na watu wanachoma nyama nje wakisema watabiri wamekosea tena.

Badilisha unyevu sasa, uache joto palepale. Joto la umande likiwa 17 badala ya 20, kitako cha wingu kinapanda hadi mita 2,750 juu ya bahari, na bonge linafika milibaa 700 likiwa na nyuzi 11. Kifuniko cha nyuzi 12, kilichokuwa kinavunjika dakika moja iliyopita, sasa kinashikilia.

Ipo kanuni ya zamani inayosema milibaa 700 ikifika nyuzi 12, sahau radi. Ni kanuni nzuri kwa kuanzia tu. Joto la umande likifika 22, hewa hupenya hata kifuniko kizito kuliko hicho. Na ukiipeleka Rapid City, magharibi ya South Dakota, ambako uwanja wa ndege uko karibu mita 970 juu ya bahari, inapwaya, kwa sababu kifuniko chenyewe kiko karibu zaidi na ardhi na jua la mchana linakifikia kutoka chini. Watabiri wanaohamia Dakota kutoka majimbo ya kusini huchukua muda kulizoea hilo.

Namba hiyo ya milibaa 700 hupatikana kwa puto. Puto lenye upana wa mita moja na nusu hujazwa heliamu au hidrojeni, hufungiwa kisanduku chenye vipimo vya joto, unyevu na mahali, kisha huachiwa. Hupanda mita 300 hivi kwa dakika. Likitoka Bismarck linafika kwenye kifuniko ndani ya dakika tisa, na huendelea mpaka kupasuka zaidi ya kilomita 30 juu. Kazi hiyo hufanyika mara mbili kwa siku duniani kote, kwa vipimo vya saa 00 na saa 12 za Greenwich, ambazo majira hayo huwa saa moja jioni na saa moja asubuhi za Bismarck, ingawa puto lenyewe huachiwa karibu saa nzima kabla. Vituo vya eneo hili ni vichache: Bismarck, Aberdeen na Rapid City kwa Dakota mbili, na Glasgow kwa mashariki ya Montana. Fargo, mji mkubwa kuliko yote ya North Dakota, haina. Puto lake la karibu magharibi ni la Bismarck, kilomita 300.

Machi 2025 Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ilitangaza kwamba kwa uhaba wa wafanyakazi inasimamisha maputo ya Rapid City na ya Omaha, na kupunguza ya Aberdeen na North Platte hadi moja kwa siku. Kwenye ramani ya nchi nzima hayo ni madoa machache. Kwenye ramani ya kifuniko ni jambo jingine. Rapid City ndiyo mlango ambao hewa ya moto ya magharibi hupitia ikielekea nyanda. Kifuniko kilichoko juu ya Rapid City alfajiri, kwa upepo wa kilomita 40 au 50 kwa saa, ndicho kitakachokuwa juu ya Bismarck au Aberdeen radi zinapotarajiwa kuanza. Ukitaka kuchagua kituo kimoja ambacho kukizima kutamuumiza mtabiri wa jioni ya Julai, ungechagua hicho.

Hujibiwa kwamba siku hizi kuna satelaiti, ndege na kompyuta. Satelaiti ya GOES ya mashariki hupiga picha kila dakika tano, na eneo likiwa hatarini hata kila dakika moja. Lakini halijoto inayoisoma kutoka angani ni ya tabaka nene, na kifuniko ni kitu chembamba: ndani ya mita mia chache halijoto inaweza kupanda badala ya kushuka. Satelaiti hulainisha mkunjo huo mpaka usionekane. Ndege za abiria hupima vizuri sana zinapopaa na kutua, ila zinatua kwa wingi Minneapolis na Denver. Modeli ya kompyuta ya HRRR, inayoigawa nchi kwa viboksi vya kilomita 3, huanza upya kila saa, jambo ambalo ni fahari ya haki kwa walioitengeneza. Hata hivyo pale pasipo na kipimo, hujaziwa makadirio yake yenyewe ya saa iliyopita. Kosa la nyuzi moja na nusu kwenye milibaa 700 linaweza kuzunguka humo tangu asubuhi hadi jioni bila kitu cha kulikosoa.

Turudi kwenye joto, maana kifuniko hicho ndicho pia kinachoamua kipimajoto kitasoma ngapi. Hapa mtabiri huanzia milibaa 850, kimo cha mita 1,500 hivi, na kuishusha hewa hiyo hadi ardhini akiongeza nyuzi 9.8 kwa kilomita. Nyuzi 24 kule juu humpa 34 Bismarck. Fargo, iliyo chini zaidi, kwenye mita 274, inapata 36. Rapid City huwezi kuanzia hapo, kwa sababu mita 1,500 ni kama kichwani mwake: jua la mchana huchanganya hewa juu sana kupita kimo hicho. Unaanzia milibaa 700, na nyuzi 12 zinakupa 33. Hizo ni namba za siku safi, yenye jua tupu na ardhi kavu.

Siku nyingi si safi. Ardhi ikiwa imelowa mvua ya jana, nguvu ya jua hutumika kukausha udongo kwanza, na 35 iliyotabiriwa inaishia 31. Moshi wa misitu inayoungua Kanada, ambao miaka ya karibuni umekuwa mgeni wa kila mwaka, unaweza kukata nyuzi kadhaa bila wingu hata moja kuonekana, na modeli isiyo na moshi ndani yake itakosea siku nzima kwa kujiamini. Halafu kuna upepo. Ukitoka kusini-magharibi unateremka kutoka nyanda za juu, unajibana na kupata joto. Ukitoka kusini-mashariki unapanda mteremko na unakuja na unyevu. Tofauti ya robo ya duara kwenye kishale cha upepo ni nyuzi tatu au nne Bismarck, na watu wengi wanaotazama utabiri hawakiangalii kishale hicho kabisa.

Mahindi nayo yana sauti. Eka moja ya mahindi yaliyokomaa majani hutoa hewani lita 11,000 hadi 15,000 za maji kwa siku. Zidisha kwa mashamba ya mashariki ya Dakota mbili na ya Minnesota, ongeza soya, utaelewa kwa nini rekodi za unyevu za huko zinafanana na za pwani yetu. Tarehe 19 Julai 2011, Moorhead, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka Fargo, ulipima joto la umande la nyuzi 31. Dar es Salaam katika siku zake mbaya za Februari huzoea 25 au 26. Joto linalosikika mwilini siku hiyo Moorhead lilikokotolewa kuwa nyuzi 57 hivi.

Magharibi ya mto Missouri hali ni kinyume. Ni malisho na nyasi fupi, na mwezi ukiwa mkavu hewa ya chini huchanganyika na kavu ya juu kwa kasi. Joto la umande lililokuwa 18 saa nne asubuhi linakuwa 12 saa kumi alasiri, na halijoto inapanda juu ya utabiri. Hapo modeli za zamani na mpya hukosea kwa njia tofauti: baadhi huacha unyevu mwingi mno ubaki chini na kuahidi radi zisizokuja, na HRRR nayo ina tabia ya kuchanganya kupita kiasi, ikikausha na kupasha zaidi ya ilivyo. Mtabiri anayezijua tabia hizo hufungua vipimo vya vituo vya NDAWN, mtandao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota uliowekwa kwa ajili ya wakulima, na kuangalia saa tisa alasiri ni modeli gani inayosema kweli leo. Ni kazi ya dakika tano, na inashinda mjadala wa asubuhi nzima.

Wingu lililoanza kwenye hewa hiyo kavu ni hatari ya aina yake. Kwa nyuzi 35 na umande 12, kitako kiko mita 2,900 juu ya ardhi. Mvua inayodondoka hukauka njiani, hewa inayoizunguka inapoa na kuanguka kama mzigo. Chini hufika upepo mkali na matone machache, pamoja na radi inayowasha nyasi.

Kifuniko hakivunjiki popote tu, kinahitaji kusukumwa. Ukingo wa hewa baridi unaoteremka kutoka Saskatchewan au Manitoba ni msukuma wa kawaida. Mwingine ni Black Hills, kisiwa cha milima magharibi ya South Dakota, ambacho jua huzipasha pande zake kabla ya nyanda zinazokizunguka, na wingu la kwanza la siku mara nyingi huota hapo kufikia saa saba mchana. Wa tatu ndiye mjanja kuliko wote: ni mabaki ya radi za usiku uliopita. Kundi la radi likifa asubuhi huacha duara la hewa baridi chini, na ukingo wa duara hilo huweza kukaa siku nzima kama mstari usioonekana ila kwenye satelaiti na kwenye vishale vya upepo. Radi mpya huanzia hapo. Modeli isiyoliona kundi la usiku haitauona mstari huo, na itakosea joto la mchana wa chini ya mabaki ya mawingu kwa nyuzi tano au zaidi. Ukitafuta chanzo kimoja cha utabiri ulioharibika Julai, anza na usiku uliotangulia.

Nishati ya kuipaisha hewa peke yake haitoshi. Watabiri huipima kwa CAPE, joule kwa kilo ya hewa: 1,000 inatosha kwa radi, 2,500 ni nyingi, na 4,000 ni ya kutisha na si ajabu kwenye nyanda hizi Julai. Kinachoamua umbo la radi ni tofauti ya upepo kati ya ardhini na kilomita sita juu. Tofauti ikifika kilomita 65 au 70 kwa saa, mvua hudondoka pembeni ya mkondo unaopaa badala ya kuuzima, wingu zima linaanza kuzunguka, na unapata supaseli inayoishi saa kadhaa. Kusini, Oklahoma na Texas, upepo huo wa juu huondoka Mei ikiisha. Kaskazini unabaki hadi Julai, ndiyo maana msimu mbaya wa Dakota huanza wakati wa kusini unamalizika. Tarehe 23 Julai 2010, Vivian huko South Dakota iliangukiwa na jiwe la barafu lenye kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa gramu 880 hivi, kubwa kuliko lolote lililowahi kupimwa Marekani. Nazi isiyofuliwa inakaribia ukubwa huo, ila nazi haianguki kutoka kilomita kumi.

Wala usidhani upepo dhaifu wa juu ni usalama. Tarehe 9 Juni 1972 upepo wa mashariki uliibana hewa yenye unyevu kwenye miteremko ya Black Hills, na juu hapakuwa na upepo wa kuziondoa radi mahali pake. Zilisimama. Karibu milimita 380 za mvua zilishuka sehemu fulani kwa muda wa saa sita, na mafuriko ya Rapid City yaliua watu 238. Hesabu ya kifuniko inakwambia kama radi itaanza. Haikwambii itakwenda wapi.

Usiku ndio unaowashinda wengi. Jua likizama, msuguano wa hewa na ardhi unapungua na upepo wa kusini ulioko nusu kilomita hadi kilomita moja juu unaachiwa huru, ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa kabla ya usiku wa manane. Mkondo huo unazilisha radi zilizoanza jioni na kuziunganisha kuwa mstari. Ukizoea mantiki ya kwamba joto la mchana ndilo mafuta, utalala mapema. Tarehe 20 Juni 2025, kwenye ukingo wa joto kali lililokuwa likitanda katikati ya Marekani, tornado (nguzo ya upepo mkali unaozunguka kutoka winguni hadi ardhini) ilipita karibu na Enderlin, North Dakota, saa tano usiku. Iliua watu watatu na kurusha mabehewa ya treni. Oktoba wachunguzi waliipandisha hadi EF5, daraja la juu kabisa, la kwanza nchini humo tangu ile ya Moore, Oklahoma, Mei 2013. Usiku uleule mstari wa upepo uliendelea mashariki na kuuangushia mji wa Bemidji, Minnesota, miti kwa maelfu. Tarehe hiyohiyo ya Juni 20, mwaka 1957, Fargo ilipigwa na tornado ambayo mtafiti Ted Fujita aliichunguza picha kwa picha, na majina kadhaa ya sehemu za wingu ambayo watabiri wanayatumia mpaka leo yalitoka kwenye kazi hiyo.

Rada husaidia, ila nayo ina mpaka ambao ramani ya rangi kwenye simu haiuonyeshi. Mwale wake wa chini kabisa kwa kawaida umeinuliwa kwa pembe ya nusu nyuzi, na dunia inajikunja chini yake. Kwa umbali wa kilomita 100 mwale uko karibu kilomita 1.5 juu, kwa kilomita 150 uko 2.6, na kwa 200 umepita kilomita 4. Kati ya Bismarck, Minot, Mayville, Aberdeen na Rapid City kuna nchi pana ambako rada huona kifua cha wingu na haioni miguu yake. Mtabiri wa huko hutegemea watu wa kujitolea wanaokaa barabarani na redio, kwa hiyo ukimsikia akiuliza kwenye mtandao "nani yuko karibu na mji fulani?" ujue anatafuta macho ya chini ya mwale.

Basi mtu wa kawaida asome nini? Kituo cha Utabiri wa Dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, hutoa ramani ya siku ya hatari ya radi kali, yenye ngazi tano, na kuirekebisha asubuhi saa mbili, saa tano na nusu, na saa tisa alasiri kwa saa za Fargo. Ngazi ya 2 imepewa jina la Kiingereza lenye maana ya "kidogo", na jina hilo limewalaza wengi. Kwa mawe au upepo maana yake ni uwezekano wa 15% wa tukio kali ndani ya kilomita 40 kutoka ulipo, na kwa siku ya kawaida huo ni mkubwa mara nyingi kuliko wastani. Chini ya ramani kuna maandishi, na ofisi za Bismarck, Grand Forks na nyingine huandika maelezo yao wenyewe kila siku. Humo ndimo mtabiri anasema wazi: kifuniko kikivunjika itakuwa hivi, kisipovunjika hakuna kitu. Sentensi hiyo moja ina faida kuliko 20% yoyote, kwa sababu inatenganisha maswali mawili ambayo asilimia huyakoroga: je, itatokea, na ikitokea itakuwa kali kiasi gani. Kosa la programu za simu ni kujibu la kwanza na kumwacha msomaji adhani amejibiwa la pili.

Kwa joto, kipimo cha HeatRisk, chenye ngazi 0 hadi 4, kinazidi jedwali la zamani la joto na unyevu kwa jambo moja: kinahesabu na usiku. Mfugaji anajua sababu. Ng'ombe mweusi wa kunenepeshwa huhitaji usiku ushuke chini ya nyuzi 21 hivi ili atoe joto alilolikusanya mchana. Kifuniko chenye mahindi chini yake huzuia hata hilo, na siku ya tatu ndiyo inayoua. Lishe ihamishiwe jioni, mifugo isiswagwe baada ya saa nne asubuhi, na maji yaangaliwe mara mbili kwa siku, hasa bomba la mwisho kwenye mstari, ambalo shinikizo lake hushuka wote wakinywa kwa pamoja.

Fargo na Sioux Falls zina familia nyingi za Wakongo waliohamishiwa huko kama wakimbizi, na Kiswahili husikika kwenye viwanda na makanisa yao. Maonyo ya simu huja kwa Kiingereza au Kihispania, kwa hiyo inafaa kuyajua maneno mawili. "Watch" ni kwamba mazingira yako tayari na bado hakuna kilichoonekana. "Warning" ni kwamba kimeonekana, kwa rada au kwa macho, na una dakika. King'ora cha mtaani kimewekwa kwa walio nje, si cha kumwamsha aliyelala ndani madirisha yakiwa yamefungwa. Simu nayo haipigi kelele kwa kila radi kali. Kwa onyo la tornado hulia. Radi huonywa kuanzia upepo wa kilomita 93 kwa saa au jiwe la sentimita 2.5, lakini tangu 2021 simu hulia tu ikifika kilomita 130 hivi kwa saa au jiwe la sentimita 7. Mawe ya ukubwa wa yai yakija na upepo wa 110 usiku wa manane, onyo litatolewa, redio ya hali ya hewa iliyo kando ya kitanda italitangaza, na simu itakaa kimya.